Namba ya Damu Niliyoiringia

Gaudensi mwanangu,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kusema mimi mzima wa afya, sijui wewe. Mi hapo naruka. Nikianza hivyo nitakuwa nimekudanganya kabla wino haujakauka. Mi si mzima. Na herufi zangu unazijua, ni za ngumbaro, nilijifunza ukubwani, zinayumba kama kuku aliyekunywa machicha. Soma polepole, usinicheke mpaka nikupe ruhusa.

Habari za kufua nguo, kula vizuri na kutoshinda na wahuni huko chuoni, mama yako anakusomea tangu Jumapili. Mi siongezi kitu. Nataka kujibu swali lako tu. Jana ulisimama mlangoni umeshika begi, ukasema, "Baba, treni sipandi mpaka uniambie unaumwa nini." Nikakwambia naumwa uzee, na uzee hauna sindano. Nikacheka peke yangu. We hukucheka. Ukaweka begi chini, ukakaa juu yake kama askari wa mgambo.

Haya. Naumwa kansa ya tezi dume. Daktari bingwa amekuja na ndege ndogo, anaondoka mwisho wa wiki, na kabla hajaondoka anataka kunihasi. Ndiyo, umesoma vizuri. Kunihasi. Mimi! Anataka jibu kesho, nikikubali ananikata kesho hiyo hiyo.

Ruhusa ndiyo hiyo. Cheka, halafu endelea kusoma.

Unajua mi ni nani. Kuanzia hapa Nsemulwa mpaka kule Mpimbwe, ukitaja Mhasi, hata mtoto anayenyonya anajua ni baba yako. Wasukuma walipoingia na ng'ombe wao, nani aliyeshika koleo la bwana mifugo? Mimi, Mkonongo, mtu wa mizinga ya nyuki, ambaye babu zake walimwona ng'ombe kwa mbali. Bwana mifugo mwenyewe alikuwa anaogopa pembe. Mi nilikuwa naingia zizini na kaptula, nalishika dume mkia, nalilaza, nabana koleo, kwishnei. Kuna dume moja lilinirusha juu ya boma, nikatua upande wa pili nimesimama, koleo mkononi, na kazi ilikuwa imeshakwisha. Mama yako anasema uongo. Mama yako hakuwepo.

Na wenye ng'ombe walikuwa wanalia, Gaudensi! Mzee mzima anamshika dume wake shingo anasema, "Muache huyu, ni mzuri mno." Mi nawajibu, "Huyo mzuri atapigana, atavunjika mguu, utamla. Nikimhasi atakulimia mpaka mwanao aoe." Nilikuwa na maneno mimi. Nilikuwa nayauza maneno kuliko koleo.

Sasa sikia ugonjwa ulivyoanza. Ulianza kwa mkojo kukatakata. Nasimama pale nyuma ya nyumba kama mtu anayesubiri mgeni. Unatoka kidogo, unakatika, unarudi, unaninyeshea miguuni. Naingia ndani, nakaa, unaniita tena. Nikasema ni ngiri. Si kila mwanaume hapa ana ngiri? Mgongo ukiuma, ngiri. Ukishindwa kazi ya usiku, ngiri. Nikaenda kwa yule mzee wa mizizi kule njia ya Mishamo, akanipa dawa nyeusi inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikanywa. Akaniambia nisiguse maji baridi. Nikaacha. Akaniambia nimpe jogoo mweupe. Nikampa. Nikiikumbuka ile dawa sasa hivi mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Nilikuwa nakunywa uchafu asubuhi na jioni, nafunga macho, najiambia mimi mwanaume. Mwaka mzima nikawa natembea na kopo la kukojolea. Ulikuwa unauliza nyumba inanuka nini, mi nasema panya amefia darini. Panya alikuwa mimi.

Na baba yako mkubwa, Leonsi, unamkumbuka? Ulikuwa mdogo. Ulikatazwa kuingia chumbani kwake. Alianza hivihivi, kopo na mizizi. Mwisho mgongo ukamkatalia, miguu ikafa, akawa anapiga kelele ukimgeuza kitandani. Sisi wanaume tulikaa nje tunavuta sigara, tunaulizana nani kamroga. Tulikuwa na majina tayari, tena ya watu tuliokula nao. Hakuna hata mmoja aliyesema neno "mkojo". Tulimzika na uongo wetu. Sisi ndio tulionuka siku ile, kuliko chumba chake.

Aliyenipeleka hospitali ni mtani wangu Masanja. Unamjua, yule Msukuma wa maksai wawili weupe. Mtu mwingine angeniambia nanuka mkojo ningemrushia kigoda. Lakini mtani utamfanya nini? Ana haki yake. Alinikuta nimekaa kibarazani, akaziba pua mbele ya watu, akasema, "Jamani, huyu Mkonongo mla asali ameanza kujipikia pombe ndani ya suruali!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikacheka na mimi, maana ndiyo sheria. Kisha akainama sikioni, akasema taratibu, "Mtani, kesho nakuja kukuchukua. Ukikataa narudia maneno haya kanisani."

Basi nikaenda. Nikamkuta Dokta Neema. Binti mdogo, Gaudensi, mdogo kuliko dada yako! Anavaa glovu, anapaka mafuta kwenye kidole, ananiambia, "Mzee, lala ubavu, kunja magoti." Nikamuuliza magoti ya nini. Akaniambia ile tezi imekaa ndani, chini ya kibofu, na njia ya kuigusa ni ya nyuma. Nikashuka kitandani. Nikamwambia mi nina heshima zangu, hapa mjini naitwa Mhasi. Akasema, "Ndiyo nakujua, shikamoo. Wale ng'ombe huwa wanakubali kwanza?" Nikapanda tena kitandani. Ule mchezo siuelezi. Nilitazama ukuta, nikahesabu mijusi. Akatoka pale uso umebadilika, akasema tezi ni ngumu kama jiwe, na kwamba anataka damu.

Damu nikampa. Akaiweka kwenye mashine ikazunguka kama cherehani, ikatoka imejitenga, wekundu chini, juu maji ya njano kama mafuta ya alizeti. Nikauliza, hayo ndiyo yanayonipa nguvu? Akasema kwenye hayo maji kuna protini fulani. Inatengenezwa na tezi ya kiume peke yake, mwanamke hana tezi hiyo. Mashine ya kuipima iko Dar, si hapa. Kwa hiyo wakayatia yale maji kwenye kichupa, kichupa kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, barafu ya kuomba kwa muuza soda, na chupa ikapanda treni na muuguzi aliyekuwa anakwenda likizo. Hebu fikiria! Mi sijawahi kufika Dar, damu yangu imefika kabla yangu, tena na barafu kama mheshimiwa.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga. Sikia vizuri, maana sehemu hii inanichukiza kuliko kopo.

Jibu liliporudi Dokta Neema hakuwepo, alikuwa amekwenda Karema kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Dirishani alikuwepo kijana wa mafaili. Akasoma karatasi, akasema, "Mzee, namba yako ni mia moja na themanini." Nikamuuliza ya watu wengine huwa ngapi. Akasema, "Hapa wameandika mwisho nne." Nikamwambia rudia. Akarudia. "Njoo Jumatatu umwone daktari," akasema.

Jumatatu ya nini? Nilishasikia nilichotaka! Protini ya kiume, mwanamke hana, wanaume wenzangu mwisho nne, mi mia na themanini. Mwanangu, nilitoka pale hospitali natembea katikati ya barabara. Baiskeli zilinipisha.

Nikaenda moja kwa moja kilabuni. Nikaagiza wanzuki ya meza nzima, nikasimama juu ya benchi. Nikawaambia, "Nyie wazee, mnajisifu hapa kila siku na midomo. Mi nimepimwa! Serikali imepima! Dar es Salaam imepima! Nyie wote mkikusanywa kwenye gunia hamnifikii." Fidelis, yule fundi baiskeli mwenye mdomo mkubwa kuliko wangu, alinuna mpaka sikio likasogea. Akauliza, "Inapandaje hiyo namba, Mhasi?" Nikamwambia inapanda kwa uanaume. Akasema protini inatoka kwenye mayai, yeye ameona picha ukutani kliniki mkewe alipopeleka mtoto. Basi wakaanza kuniletea mayai. Mayai ya kuchemsha, na maharage, ili namba isishuke, heshima ya kilabu isipotee. Mi nakula. Nakula mayai ya watu, natoka nje, nasimama nyuma ya kilabu, tone moja, tone la pili, nasaga meno, narudi ndani naendelea kujisifu.

Hiyo ndiyo picha ya baba yako nayotaka uiangalie. Usiikwepe. Mzee ana kansa mpaka kwenye damu, mdomoni ana yai, watu wanampigia makofi. Nimeona mizoga ya ng'ombe imevimba juani, haijanitia kinyaa kama mzee huyo.

Karibu nusu mwaka nilikula mayai. Dokta Neema alituma watu kunitafuta, nikasema niko shamba. Niliogopa atataka kunigusa tena, hilo moja. Na nadhani, huko chini kabisa, nilijua. Mtu anayehasi ng'ombe miaka yote hajui kitu kibovu kikoje? Nilijua, nikaona bora makofi.

Halafu ulipokwenda Mishamo kununua mahindi, mkojo ukafunga kabisa. Hata tone. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Masanja akanipakia kwenye mkokoteni, akafunga wale maksai wake weupe, na mi nimelala chali nimeshika tumbo namwita mama yangu aliyekufa zamani. Unajua nani aliwahasi wale maksai? Masanja akageuka akasema, "Mtani, nyamaza. Hawa wanakumbuka sauti yako, wakikutambua watatutupa mtaroni." Nilicheka, na kucheka kuliniuma karibu nife.

Wakanitia mpira. Mpira, Gaudensi, kupitia pale pale, mpaka kwenye kibofu, na mfuko pembeni. Mkojo ukashuka kwenye mfuko, mweusi kama chai ya rangi. Nilipopata nafuu ile nikalia kama mtoto aliyerudishiwa titi. Ndiyo maana navaa koti kubwa kwenye joto hili lote. Ule uvimbe pajani uliokuwa unautazama ni mfuko. Si bastola, ingawa nilimwambia mtoto wa jirani kuwa ni bastola.

Dokta Neema akakaa kitandani kwangu. Nilitegemea atanifokea. Nikamwambia, "Binti, mi nilidhani namba kubwa ni sifa." Akasema, "Mzee, tezi ikiwa nzima ile protini inabaki huko huko ndani, kidogo tu inavujia kwenye damu. Ikiharibika inavuja nyingi. Kuna wakati tezi imevimba tu, si kansa, na namba inapanda. Ndiyo maana nilikugusa kwanza, nikaunganisha yote. Yako ni ngumu, namba iko mbali sana, na sasa mgongo unauma. Imeshatoka kwenye tezi, imeingia mifupani."

Nikamuuliza, ningekuja ile Jumatatu?

Akasema, "Hata ile Jumatatu ilikuwa imechelewa kidogo. Ungekuja ulipoanza kopo."

Sijawahi kupigwa kofi namna hiyo na mtu aliyeweka mikono mapajani.

Dawa ni hiyo niliyokwambia. Anasema ule ugonjwa unakula nguvu za kiume kama moto unavyokula kuni. Ukiondoa korodani umeondoa kuni. Moto hauzimiki wote, ila unalala, unaweza kulala miaka, maumivu yanapungua. Halafu wanapima tena damu, namba ikianguka wanajua umelala. Nikamuuliza nikikataa. Akasema, "Utakwenda alikokwenda kaka yako, kwa njia ile ile." Nilikuwa nimemsimulia habari za Leonsi.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia Masanja sikubali. Mi nihasiwe? Watoto wataniimba. Nitatembeaje? Nikifa nikiwa dume si bora? Masanja akaacha utani, na mtani akiacha utani ujue kuna hatari. Akasema, "Mwaka ule nililia zizini, nimekumbatia dume wangu. Uliniambia nini?" Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Unakumbuka. Uliniambia huyo mzuri atavunjika mguu nitamla. Nikakuachia. Amenilimia, amenipa mahindi, amekubeba hospitali. Sasa maneno yale yalikuwa ya kweli, au ulikuwa unataka kulipwa tu?"

Nilirudishiwa maneno yangu. Mimi! Andika hiyo mahali, siku Mhasi alishindwa kwa maneno yake mwenyewe.

Ila kilichonimaliza ni mama yako, jana, baada ya wewe kuingia kulala bila kuniaga. Nilimwita uani. Nikazunguka na maneno weee, nikasema kuna kitu kitaondolewa, kuna heshima ya nyumba, na yeye kama mke ana haki ya kusema neno. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Baba Gaudensi, shuka zako nazifua mwaka wa pili huu. Ulidhani nafua maji ya mvua?" Nikavuta koti. Akasema, "Na hiyo heshima unayoililia, mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Nikumbushe, maana mi nimesahau." Halafu akatupa jiwe lililokuwa kwenye mchele, akaniangalia sasa. "Wakate. Mi nataka mtu wa kugombana naye. Nikibaki peke yangu nitagombana na nani, na kuku?"

Basi. Jibu la kesho ni ndiyo.

Lakini kabla ya kuandika nilikuwa na deni la mdomo, na deni hilo nimelilipa mchana huu. Nilikwenda kilabuni. Nikasimama, si juu ya benchi, mpira hauniruhusu. Walipoona nimesimama wakaanza kupiga meza, "Mia na themanini! Mia na themanini!" Nikafungua koti. Nikawaonyesha mfuko. Nikawaambia namba ile ni ya kansa. Kila yai mlilonipa nililila nikiwa naoza. Leonsi hakurogwa na mtu, alikufa na hii hii, na sisi tulikaa nje tukitaja majina ya majirani. Nikawaambia kesho nakwenda kuhasiwa, mwenye wimbo aanze kuutunga sasa hivi, tena autunge vizuri, mi ni mtu mkubwa.

Hakuna aliyecheka. Mmoja akatema mate chini. Mwingine akahamia benchi la mbali, kama vile tezi inaruka. Mama pombe akaondoa kikombe changu mezani kwa vidole viwili. Nikawatazama, wazee wenzangu, wananuka pombe na mikojo yao wenyewe kwenye suruali, kila mmoja anaangalia paja lake. Nikachukia kuwa niliwahi kutaka makofi ya mikono ile. Nikatoka.

Sijafika kwenye kona ya mashine ya kusaga, nikasikia baiskeli nyuma yangu. Fidelis. Haipandi, anaisukuma. Tukatembea. Mwisho akasema, huku anaangalia tairi, "Mhasi, kwani kopo lako ulikuwa unaliweka upande gani wa kitanda?"

Nikamwambia upande wa ukutani.

Akasema, "Mi langu ukutani linamwagika. Naliweka mlangoni."

Nikasimama. Nikamuuliza muda gani. Akasema tangu mavuno yaliyopita. Nikamuuliza mgongo. Akasema mgongo bado. Bado, Gaudensi! Sijawahi kufurahia mgongo wa mtu kama ule. Nikamwambia yule binti ana kidole, lakini ukutani kuna mijusi ya kuhesabu. Akanitukana. Tukakubaliana.

Kwa hiyo kesho panda treni yako, usinilinde. Ikishaondoka, mimi na Fidelis tunatoka stesheni kwenda hospitali pamoja, mi kukatwa, yeye kutolewa damu, na Masanja amesema anakuja na mkokoteni atuimbie njia nzima. Dokta amesema ugonjwa huu hupenda kupita kwa wanaume wa ukoo mmoja, Leonsi, mimi, na nyuma yetu unajua ni nani. We bado kijana, kula ujana wako. Ila ukifika umri wa mvi za kwanza, nenda kwa daktari kabla hujanunua kopo. Usimtume mtu, usisome namba dirishani ukakimbia. Kaa kwenye kiti, uliza inasema nini, na ungoje aliyesoma akumalizie sentensi.

Mama yako ananiita nije kula, anasema barua gani ndefu kuliko kesi. Nimemwambia namuaga dume mmoja, ndiye mimi, na kumkaribisha mwingine, ndiye wewe. Amesema nisimjaze mtoto ujinga.

Nimeandika kwa mkono wangu, bila kusaidiwa na mtu, mi baba yako, Mhasi wa Nsemulwa.